Wakili Mwaga na Karatasi ya Mama Pasi

Ninayotaka kuwasimulia hamtayaamini, na siwalaumu. Mimi mwenyewe niliyekuwepo, kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama kweli yalitokea. Lakini yalitokea. Anayebisha aende masjala ya mahakama akaombe faili, atalikuta, na humo ndani atanikuta mimi.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwanasheria. Siku za kazi yuko ghorofa ya tatu, katika ofisi yenye zulia, anaandika mikataba ya watu ambao viatu vyao havijui vumbi. Ni mwembamba, mwenye miwani, na mwendo wake ni wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. Hana makuu. Ana ugonjwa mmoja tu, wa kuuliza, na alizaliwa nao. Mimi ni fundi rangi, na sijigambi nikisema hakuna ukuta mjini humu usionijua. Alipokuwa na miaka mitano aliniuliza, "Mjomba, rangi ikikauka, ile harufu inakwenda wapi?" Nikamjibu inakwenda kwa jirani. Akatoka, akaenda kwa jirani kunusa, akarudi akaniambia kule haipo, nifikirie tena.

Basi mwaka juzi binti huyo akaanza kutoweka kila Jumamosi. Saa mbili asubuhi huyo, na chupa ya chai na mkoba. Saa kumi jioni anarudi, sauti imemkauka, vidole vina wino. Ukimwuliza alikuwa wapi, anasema, "Nilikuwa na watu." Watu gani, hasemi. Dada yangu akapiga hesabu zake. Binti ana miaka ishirini na tisa, ana kazi, ana akili, halafu Jumamosi anatoweka. Kwa hesabu za dada yangu jibu lilikuwa moja: kuna mwanamume, na mwanamume huyo ana mke.

"Kaka," akaniambia, "mfuate."

"Mimi mtu mzima nimfuate mtoto njiani?"

"Umekuwa mtu mzima lini?"

Nikamfuata. Sikumfuata kijinga lakini. Nilijitwika ngazi yangu begani, maana mwenye ngazi haulizwi anakwenda wapi. Hata benki wangemfungulia mlango. Nikaenda naye mitaa minne, yeye mbele, mimi na ngazi nyuma, mpaka akaingia geti la shule ya watoto wadogo. Nje ya darasa moja kulikuwa na watu wamepanga foleni kando ya ukuta, kila mtu na mfuko wake. Nikaegemeza ngazi dirishani, nikapanda, nikajifanya naugonga ukuta kuona kama plasta imeachia. Nikachungulia.

"Mjomba, shuka," alisema mpwa wangu, hata shingo hakugeuza. "Kama una shida ya kisheria, chukua namba kwa mlinzi."

Nikachukua namba. Kumi na tisa.

Humo darasani viti vyote vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Watu wazima wamekaa magoti yakigusa masikio, na ukutani picha za wanyama zinawatazama. Mwanasheria mzee, suruali yake imeshikiliwa na mikanda ya mabegani, ndiye aliyenieleza mambo. Huko mtaani wanamwita Mzee Mikanda. Alisema wako mawakili kadhaa wa ofisi mbalimbali, wanapokezana Jumamosi, wanawasaidia watu wasio na uwezo wa kuweka wakili. Kushauri bure, kuandika barua bure, hata kusimama mahakamani bure.

"Hata nauli hamlipwi?" nikauliza.

"Mimi nalipwa na mke wangu," alisema. "Anafurahi nikiondoka nyumbani."

Nikakaa kwenye kiti kile, nimejikunja kama mita ya fundi, na udadisi ukanipanda. Mtu aliyesoma mpaka macho yakaomba miwani anakuja kufanya nini hapa bila kupewa chochote? Nikaamua kumtazama anavyofanya kazi, labda jibu lingekuwa humo.

Wenzake wawili walianza kila mtu kwa kumwambia, "Haya, eleza shida yako." Yeye hapana. Mtu akikaa tu, anamwambia, "Mwaga."

"Nimwage nini?"

"Mfuko. Vyote, hapa mezani."

Watu wanaona haya. Mmoja alikuwa na foronya ya mto, mwingine na boksi la viatu. Wakimwaga zinatoka kadi za kliniki, bili za umeme, picha za pasipoti zenye sura za kutishwa, kadi za harusi za watu walioachana zamani. Mpwa wangu anaokota karatasi moja moja. "Hii nayo ni ya nini?" Anaweka. "Na hii nayo ni ya nini?" Pale shuleni wameshamwita Wakili Mwaga, na hata mlinzi, anayegawa namba, anawaambia watu, "Wewe unakwenda kwa Mwaga, legeza fundo kabisa."

Kulikuwa na mlinzi wa ghala aliyefukuzwa kazi kwa kosa la kutoonekana siku mbili. Yeye anaapa alikuwa anaumwa mguu, lakini cheti hana. Akamwaga vyake, na ndani yake redio ndogo. Mpwa wangu akaifungua redio. Akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara sita, kilichokuwa kinakaza betri. Kadi ya zahanati, na mhuri, na tarehe ni zilezile.

"Hiki si ndicho cheti?" akamwuliza.

"Hicho cha kukazia betri," alijibu yule bwana.

Baadaye mpwa wangu aliniambia, "Watu hawaleti ushahidi, Mjomba. Wanaleta wanachodhani ni ushahidi. Ushahidi wenyewe unabaki chini ya mfuko." Na alivyolisema hilo macho yalimng'aa kama mtoto aliyetikisa saa mbovu akasikia kitu kinacheza ndani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa anachokifuata pale. Lakini sikumaliza kuelewa, maana namba kumi na saba iliitwa, na aliyeinuka ni Mama Pasi.

Mama Pasi ni dobi. Pasi yake ni ya mkaa, na akikunyooshea shati unaogopa kukaa. Anaishi vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba yenye geti la kijani. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja asiye na mtoto. Mama Pasi alimfulia, halafu akampikia, halafu akamwogesha, na bibi yule bado akiwa na akili zake timamu akampa vile vyumba viwili na uwanja wake viwe mali yake, kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili. Sasa ni miaka ishirini na moja. Mwaka mmoja kabla ya Jumamosi ile bibi alifariki. Akatokea mtoto wa ndugu yake ambaye hata msibani alichelewa, akafungua kesi: vyumba ni vya urithi, mama huyu atoke.

Sasa mashahidi wenyewe. Wa kwanza ni mwalimu jirani, ndiye aliyeandika ile karatasi, na amekwisha tangulia mbele ya haki. Wa pili ni mimi. Siku ile nilikuwa napaka lile geti, bibi akaniita ndani. Na kwa miaka ishirini, kibarazani kwa kinyozi, nimekuwa nikieleza nilivyoishika kalamu ya mwalimu nikatia saini ndefu yenye mikia miwili kama mbayuwayu, mpaka mwalimu mwenyewe akashangaa.

Kwa hiyo Mama Pasi alipoingia, mimi nikageukia ukutani, nikawa namsoma twiga.

"Si huyu hapa shahidi wangu," alisema. "Fundi, Mungu kakuleta."

"Mwaga, mama," alisema mpwa wangu, na jicho moja akaniwekea mimi.

Akamwaga. Karatasi ikatoka, imefungwa katika nailoni tatu. Mpwa wangu akaifungua, akaitazama. Maandishi yalikuwa meusi, manene, yanang'aa kama yameandikwa asubuhi ileile.

"Hii aliandika mwalimu?"

"Mwalimu."

"Na huu wino?"

"Huo wangu, mwanangu." Mama Pasi alijiweka sawa kitini, kwa fahari. "Kwangu kuna mvuke, nguo mbichi kila siku. Nikaona maandishi yanapauka. Mstari wa suruali ukififia si unaupiga pasi tena? Basi kila mwaka nachukua kalamu, napita juu yake, herufi kwa herufi. Sijatoka nje hata kidogo. Tazama mwenyewe."

Mzee Mikanda, aliyekuwa meza ya pili, alifumba macho.

"Na saini ya bibi umeipitia?" aliuliza mpwa wangu, polepole.

"Hiyo ndiyo nimeipitia vizuri kuliko zote."

Mwaona mambo. Mwanamke ameitunza karatasi yake kama anavyotunza nguo za watu, na kwa kuitunza ameifanya ionekane ya kughushi. Wakili wa yule mrithi alikwisha iona, akaandika kwamba kila herufi iliyomo ni ya mkono wa Mama Pasi. Na ukweli ni kwamba hakukosea. Mpwa wangu hakumcheka wala hakumgombeza. Aliiinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Na hili doa nalo ni la nini?"

Chini ya saini ya bibi, kando ya jina la shahidi wa pili, kulikuwa na doa la kijani, kubwa kama sarafu.

"Huo uchafu, mwanangu. Nilitaka kuufuta kwa mafuta ya taa nikaogopa karatasi itatoboka. Nikawa nauzunguka tu na kalamu."

Mpwa wangu akainuka, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Alikaa pale muda mrefu, anaigeuza huku na huku. Halafu akanitazama mimi. Si usoni. Mikononi. Nikaitia mikono mfukoni.

"Mjomba. Siku ile ulitia saini?"

Darasa zima likageuka kunitazama, hata wale wenye namba za mbali.

"Nilitia," nikasema. "Yenye mikia miwili."

"Iko wapi?"

"Labda imepauka."

"Sawa," alisema, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Sasa niwaambie kilichonifanya nitoke jasho. Mimi kuandika nimefundishwa na huyohuyo mpwa wangu. Nilianguka kutoka kwenye ngazi, nikakaa nyumbani miezi mitatu, na yeye yuko darasa la tatu, akitoka shule anacheza shule. Mwanafunzi nikawa mimi, peke yangu, na rula alikuwa nayo. Alikuwa ananishika hiki kidole gumba, chenye kovu la mfuniko wa kopo la rangi lililopita katikati, ananiambia, "Usiibane kalamu, haitakimbia." Mpaka nikaweza jina langu. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja baada ya lile geti la kijani. Kwa hiyo alijua, na mimi nikajua kwamba amejua.

Tulirudi nyumbani pamoja, ngazi tumeibeba, yeye ncha ya mbele, mimi ya nyuma. Akaanza maswali, kila swali isipokuwa lile.

"Mjomba, lile geti ulilipaka rangi ya maji?"

"Geti kwa rangi ya maji? Hiyo kazi ya wanaojifunza. Nilipaka ya mafuta."

"Ya mafuta nayo hupauka?"

"Ya wengine. Yangu haipauki miaka thelathini."

"Hata ikiwa kwenye karatasi?"

Nikahamishia ngazi bega la pili. Nilikuwa nimejisifu mwenyewe mpaka mlangoni pa mtego.

Alisimama, ngazi ikasimama, nami nikasimama. "Siwezi kumtia shahidi maneno mdomoni," alisema bila kugeuka. "Nikikwambia useme nini, ushahidi wako umekufa, na mama yule amekwisha. Kwa hiyo usiniulize nafikiri nini."

"Sijakuuliza."

"Vizuri."

Tukaendelea kutembea.

Siku tatu nilipaka ukuta mmoja mara mbili. Siku ya nne nikapita kwa Mama Pasi, kusalimia tu. Nikamkuta uani anafungua kamba za kuanikia nguo, anazikunja moja moja, anaziweka kwenye beseni. Kesi ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Mbona mapema, mama?"

"Nisije nikafukuzwa na kamba zikabaki. Kamba nzuri hizi." Akanivutia kigoda. "Lakini wewe upo, Fundi. Wewe ulitia saini kabisa. Watakuamini."

Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja mpaka ghorofa ya tatu, na viatu vyangu vya kazi juu ya zulia, dada wa mapokezi ananikimbilia nyuma na gazeti nikanyage.

"Sikutia saini," nilimwambia mpwa wangu. "Nilikuwa sijui kuandika. Mwalimu akasema weka kidole, kidau cha wino kikawa kimekauka, nikamwambia mimi nimekuja na wino wangu. Nikabandika gumba, na rangi ya geti."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mbele ya watu wote wale? Wateja wangu wangenionaje?"

"Wateja wako wanataka ukuta, Mjomba. Hawataki barua." Akavuta karatasi safi. "Haya. Rudia polepole, niandike maneno yako, siyo yangu."

Akanieleza pia kwamba kizimbani hataniuliza yeye, ataniuliza Mzee Mikanda, na kwamba ataieleza mahakama mapema kuwa shahidi ni mjomba wake. Halafu ataiomba mahakama ipeleke ile karatasi kwa wataalamu wa alama za vidole. "Watasema tumepanga, kwa sababu ni ndugu," alisema. "Undugu upo. Lakini kidole hakijui undugu."

Akanifunza na namna ya kujibu. "Ukiulizwa, jibu. Ukimaliza, funga mdomo."

"Nitajuaje nimemaliza?"

"Ukianza kufurahia, umepitiliza."

Siku ya kesi Mama Pasi alivaa gauni lililonyooka kama ubao, akakaa benchi la mbele. Wakili wa mrithi alikuwa na tai nyekundu na sauti ya kutangaza mpira. Nilijibu maswali ya Mzee Mikanda vizuri, majibu mafupi mafupi. Kisha Tai Nyekundu akainuka.

"Shahidi, ni kweli kwamba kwa kinyozi husema ulitia saini yenye mikia miwili?"

"Husema."

"Ulitia?"

"Hapana."

"Kwa hiyo wewe ni mwongo."

Nikamtafuta mpwa wangu. Alikuwa ameinamia faili, hanitazami, kalamu ameibana mpaka vidole vimepauka.

"Kwa kinyozi, ndiyo," nikasema. "Hapa nimeapa."

Hakimu akaniuliza yeye mwenyewe, kwa nini nilidanganya miaka yote hiyo. Jibu refu nilikuwa nalo, zuri, lenye mapambo. Nikalimeza.

"Nilikuwa sijui kuandika, mheshimiwa. Nikaona aibu."

Nikafunga mdomo. Na kwa kweli sikuwa nafurahia.

Taarifa ya wataalamu ikasomwa. Alama ya kijani ni gumba langu, na kovu lake katikati, mstari mweupe. Lakini si hilo lililoimaliza kesi. Gumba langu nililibandika vibaya, kwa haraka ya geti linalokauka, likapanda juu likafunika mkia wa saini ya bibi. Mama Pasi alipokuwa anapita na kalamu yake miaka yote, pale alipazunguka akidhani ni uchafu. Kwa hiyo chini ya rangi, kwa taa zao za kazi, walikuta wino wa zamani ambao hakuna aliyeugusa. Saini ya bibi ilikuwepo kabla ya kidole changu. Hicho ndicho alichokiona mpwa wangu dirishani, au alichokihisi, maana nilipomwuliza kama alikuwa na uhakika aliniambia, "Sikuwa na uhakika. Nilitaka tu kujua kuna nini huko chini."

Hakimu akaamua: karatasi ni halali, vyumba viwili na uwanja ni vya Mama Pasi. Mama Pasi hakulia. Alimshika mpwa wangu mkono wa shati, akalitazama, akamwambia, "Mwanangu, hili nani kakunyooshea?" Jioni hiyo kamba zilikuwa zimefungwa tena uani, na shati la kwanza kuanikwa lilikuwa la Wakili Mwaga. Dada yangu naye alipopata ripoti yangu kwamba hakuna mwanamume Jumamosi, alisema sasa hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Mimi nafasi yangu katika mambo haya sipendi kuitaja, si kawaida yangu. Ila ukweli lazima uandikwe. Hakimu alipomaliza kusoma hukumu alisimama, akavua miwani, akasema katika miaka yake thelathini ya kazi hajapata kuona shahidi kama mimi, na mahakama nzima, watu wasiopungua mia tatu, wakainuka wakapiga makofi, na Tai Nyekundu akavuka chumba kuja kunipa mkono, machozi yanamlenga, akaniambia Fundi, tangu leo mimi na wewe—

"Tulikuwa watu tisa, Mjomba," anasema mpwa wangu nyuma ya bega langu, "na wawili walikuwa wamelala."